Kuku Mwekundu, Yai Jeupe

Benchi letu liko Nsambya, pale barabara inapoteremka kutoka hospitalini: ubao mmoja juu ya matofali, umeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda changu cha cherehani. Mimi ni Anselme, fundi nguo, na kwa kuwa kibanda ni changu watu hudhani benchi nalo ni langu. Si kweli, benchi ni la wenye maneno. Mbele yake Séraphine, Mkongo mwenzangu wa Bukavu, huweka sigiri, birika la kahawa ya tangawizi na sahani ya mayai ya kuchemsha. Wenye maneno ni watatu. Yupo Mzee Ojok, askari mstaafu, tunamwita Ushahidi kwa sababu hata ukimwambia mvua inanyesha atauliza nani ameiona. Yupo Makokha wa bodaboda, jina lake Redio, ambaye habari humtoka kinywani kabla hazijatokea. Na yupo Pitshou, muuza vitenge, tunayemwita Waziri kwa ajili ya viatu vinavyong'aa hata siku ya tope. Asubuhi ninayoisimulia, kahawa ilikuwa haijachemka bado, na Ojok alikuwa ameshakasirika.

— Séraphine! Mayai hii umetoa wapi?

— Kwa Akidi, Afande. Kila siku ni kwa Akidi.

— Angalia sahani yako.

Tukaangalia sote. Mayai yalikuwa ya kahawia, manene, kama tulivyozoea. Lakini katikati yao yalikaa mengine madogo, meupe pee, kama wageni waliokosea harusi.

— Juzi ilikuwa rangi moja, akasema Ojok. Leo iko rangi mbili. Mimi nimefanya polisi mpaka nywele imeisha. Rangi mbili ni mayai ya watu wawili.

— Ni mayai ya kuku wawili, Afande, Séraphine akamjibu huku akipepea mkaa.

— Nyamaza kwanza. Jana jioni Docus alikuja kwangu analia.

Docus tulimjua. Anakaa katika kwota, zile nyumba za askari nyuma ya kibanda changu, mlango wake ukitazamana na wa Akidi, na wote wawili wanafuga kuku. Akidi ni mjane. Mumewe, Okwir, alikuwa askari, alikufa kazini, na tangu hapo chumba kile si haki yake tena; mwenyekiti wa kwota amemwachia kwa huruma tu. Kuku wake ndio ugali wake, ndio sabuni yake. Ojok alijua haya kuliko sisi sote. Okwir alikuwa kijana wake kazini.

— Kuku za Docus zinataga nyeupe, akaendelea Ojok. Siku nyingi hapati yai hata moja. Kuku za Akidi zinataga ya kahawia, hiyo mtaa wote inajua. Sasa nyeupe imepotea kwa Docus, na nyeupe imeonekana hapa. Hii si hesabu ngumu.

— Mla kuku wa mwenziwe, miguu humwelekea! akadakia Makokha.

— Nani amekula kuku? akauliza Pitshou. Hapa tunasema juu ya mayai.

— Yai halina miguu, Waziri. Ndiyo maana limebebwa.

Nilisimamisha cherehani. Neno wizi, likitoka kwenye benchi letu, halichelewi kufika kwotani. Ukuta ni mmoja.

— Mzee Ojok, nikasema, umemwuliza Akidi mwenyewe?

— Mwizi haulizwi, Anselme. Anashikwa. Nimeshapigia mwenyekiti simu. Amesema atapita leo kusikiliza.

Séraphine akaacha kupepea.

— Umepiga simu? Kabla hujamwuliza mwenye kuku? Afande, yule mama akitolewa pale ataenda wapi?

— Sheria haina jicho.

— Kumbe na wewe huna!

Hapo benchi likawaka. Séraphine alisema hatamtilia mtu kahawa mpaka aelezwe tangu lini rangi ya yai ikawa kosa. Makokha, ambaye bila kahawa hawezi hata kuwasha pikipiki yake, akaona bora atoe maelezo.

— Si ngumu, bana. Yai linafuata chakula. Kuku akila udongo huu wetu mwekundu, yai linatoka jekundujekundu. Akila posho, huu unga wa mahindi, linatoka jeupe. Akidi amebadilisha chakula, basi.

— Na weye unakula posho kila siku, akasema Pitshou. Juu ya nini hujatoka mweupe?

— Mimi si yai!

— Basi sikieni miye, mapapa, wazee wangu. Rangi ya yai ni ya baba. Kuko jogoo mweupe pale kwa Docus. Ule jogoo anaruka ukuta. Miye mwenyewe nimemwona, asubuhi, anarudi kwake na kujikung'uta kama mutu ametoka kanisani. Kuku ya Akidi imezaa na jogoo ya Docus. Mambo imeisha.

— Haijaisha! Ojok akalipiga goti lake kofi. Kama baba ni jogoo ya Docus, mayai ni ya Docus!

— Ah, hapana, Afande. Mutoto ni wa kwao mama.

— Kwenu Kongo. Kwetu mtoto ni wa baba.

— Subirini, akasema Makokha. Wale kuku wa mabanda makubwa kule Mukono, wale wa biashara, hawajawahi kuona jogoo tangu wazaliwe. Na mayai wanataga. Baba ni nani?

Ojok alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

— Bila jogoo?

— Bila jogoo kabisa.

— Na mnakula mayai ya namna hiyo?

— Wewe mwenyewe umekula jana mawili.

Ojok alitema mate pembeni. Sasa hasira yake ilikuwa imepata uwanja mkubwa kuliko Akidi, na wenzake wakamfuata humo. Pitshou alisema yeye hakubali maneno ya rangi peke yake, kwa sababu jambo linalomuumiza hasa ni udogo. Akalinyanyua lile yai jeupe kwa vidole viwili.

— Tazameni hii. Hii ni yai ama ni kidonge? Mukate umepungua. Sabuni imepungua, wanaweka hewa ndani ya karatasi. Kitenge, miye najua, wanakata fupi. Sasa na kuku ameingia kwa chama yao!

— Kuku si mjinga, akasema Makokha. Ameona likiwa kubwa, likiwa dogo, linauzwa sawa. Kwa nini ajipasue?

— Ni hawa kuku za kwota, akasema Ojok. Zinakaa na watu wa serikali. Zimejifunza kufanya kazi nusu.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo ni ya kuweka akiba, Redio!

— Na yai si akiba?

Makokha, akiona amesikilizwa, akapanda juu zaidi. Akasema ni mnara wa simu. Tangu mnara ule uongezwe vyombo vipya, hata pikipiki yake inakohoa, sembuse tumbo la kuku. Pitshou akasema mnara hauna rangi. Rangi hutoka kwa kile kuku anachokitazama anapotaga. Kuku anayetazama matofali hutaga kahawia, na anayetazama ukuta uliopakwa chokaa hutaga jeupe. Ojok akauliza kuku anayetazama Waziri hutaga nini. Séraphine hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye ndoo yake, mikono imekunjwa, birika linachemka na hakuna aliyepewa.

— Mnamchezea mtu, akasema. Mnapiga soga, na mwenyekiti anakuja.

Hapo ndipo tulipomwona Akidi.

Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani pale kwenye pembe ya kibanda. Alikuwa na kapu la mayai mkononi, nyongeza aliyomletea Séraphine. Ni mwanamke mrefu, mkimya, ambaye salamu yake huisha kabla hujaisikia. Asubuhi hiyo hakutoa salamu. Aliweka kapu chini polepole, kama mtu anayeogopa kwamba akitumia nguvu atavunja kila kitu, si mayai tu.

— Mzee Ojok, akasema. Mwenyekiti amenipigia. Ameniambia nisiende mbali leo, kuna neno juu yangu. Nikamwuliza neno gani. Akasema nikuulize wewe.

Ojok alikohoa.

— Binti, hii ni uchunguzi tu.

— Uchunguzi wa nini?

— Mayai nyeupe.

— Mayai meupe ni ya kuku wangu.

— Kuku zako zinataga ya kahawia.

— Wale wakubwa, ndiyo. Hawa ni wadogo. Dada yangu Alal alinipa alipotoka Lira. Walikuwa vifaranga, wamekua, wameanza kutaga. Kuku anayeanza hutaga yai dogo. Mama yao alitaga meupe, na wao wanataga meupe. Kuna nini hapo cha kupigia simu?

— Kila mtu anaweza kusema hivyo, akasema Ojok, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Ushahidi uko wapi?

Nilidhani Akidi atalia. Badala yake alimtazama Ojok sana, kisha Makokha, kisha Pitshou, na mimi pia nilitazamwa, nikainamisha macho kwenye sindano yangu.

— Unataka ushahidi? Kaa hapo. Kaeni wote. Asiinuke mtu.

Akaondoka. Hatua zake tulizisikia nyuma ya ukuta, kisha kelele za kuku, kisha sauti ya Docus ikiuliza kuna nini, na sauti ya Akidi ikijibu: "Njoo nawe. Uje uone mayai yako." Aliporudi alikuwa na kuku wawili wekundu, mmoja kila kwapa, manyoya yakimruka usoni. Docus alimfuata nyuma, kanga imefungwa haraka, anaangalia chini. Akidi akawafunga kuku miguu kwa kamba kwenye tofali la benchi letu, wakabaki wakipapatika kati ya viatu vya Pitshou.

— Eh, mama, viatu!

— Viatu vitafutwa. Jina langu litafutwa na nini?

Waziri akakunja miguu juu ya benchi.

— Huyu, akasema Akidi akimwonyesha mmoja mwenye kishungi kichwani, tangu alfajiri anazungukazunguka akitafuta pa kutagia. Leo atataga. Mzee Ojok, utakaa umtazame kwa macho yako. Usisikie kwa Docus, usisikie kwa Redio. Umtazame.

Basi tukakaa kumsubiri kuku. Watu wazima, mmoja na pensheni yake, mmoja na abiria wanaompigia simu hapokei, mmoja na duka ambalo halijafunguliwa, tukamkodolea macho kuku mwekundu. Na kuku, kama alivyo kila kiumbe akitazamwa, akakataa. Alisimama. Akadonoa kamba. Akamtazama Ojok kwa jicho moja, akageuka akamtazama kwa la pili.

— Anaona aibu, akasema Pitshou.

— Hata mimi ningeona, akasema Séraphine. Mwanamke hazai katikati ya wanaume wanaokodoa.

Akanitaka nitoe lile boksi langu la vipande vya vitambaa. Nikalitoa. Akalilaza ubavuni chini ya meza ya cherehani, kwenye giza kidogo, akalegeza kamba ya kuku. Kuku akanyoosha shingo, akachungulia boksi, akatoka, akazunguka, akarudi. Mwishowe akaingia, akaanza kuchakura vitenge vyangu na kujipangia kitanda.

Akidi alibaki amesimama. Séraphine akampa ndoo yake akalie, akakataa. Docus akaja karibu naye.

— Mama, mimi sikusema mwizi, akasema chini chini. Nilisema tu mayai yangu hayaonekani.

— Ulisema kwa nani?

— Kwa Mzee.

— Mlango wangu na wako inatazamana, Docus. Ulipita mlango wangu ukaenda kwa Mzee. Nilipoumwa homa ni wewe uliyeniletea uji. Hukuweza kuniletea hilo neno?

Docus alianza kuokota manyoya kwenye kanga ya Akidi, moja moja, na Akidi hakumzuia, wala hakumgeukia.

Subira ilipozidi, maneno yakarudi, maana benchi letu halijui kunyamaza. Makokha akanong'ona kwamba hata kuku akitaga yai jeupe, si ushahidi, kwa sababu kuku amebadilishwa mazingira: amekaa juu ya vitambaa, na vitambaa vya Anselme vina rangi zote, kwa hiyo yai linaweza kutoka la maua. Pitshou akasema likitoka la maua atalinunua yeye. Ojok akawaambia wafunge mdomo, kisha yeye mwenyewe akaufungua.

— Lakini hata likiwa nyeupe, mimi bado nauliza. Kuku nyekundu. Tumbo nyekundu. Damu nyekundu. Rangi nyeupe inatoka wapi? Hapo kuna udanganyifu!

— Wa nani? Séraphine akamfokea. Wa kuku? Mpigie naye mwenyekiti!

— Mimi naona ni chanjo, akasema Makokha. Wanawachoma kuku sindano, ile dawa ni nyeupe—

— Hawa hawajachanjwa, akasema Akidi.

— Ndiyo sababu!

Kuku akalia. Si ule mlio wa kutaga, ni mguno mfupi, kama wa mtu anayenyanyua gunia. Tukainama wote kwa pamoja, vichwa vikagongana chini ya meza yangu. Ndani ya boksi kuku alikuwa amejiinua kidogo, manyoya ya mkia yanatetemeka, na kwenye kipande cha kitenge cha bluu likadondoka yai. Lilikuwa na unyevu, likang'aa, kisha likakauka mbele ya macho yetu. Dogo. Jeupe pee.

Kuku akatoka na kuanza kutangaza kwa mtaa mzima.

Mimi ningependa kusema kwamba hapo tulisimama tukamwomba Akidi radhi. Hatukufanya hivyo. Ojok aliliokota lile yai, likiwa na moto wake bado, akaligeuza upande huu na upande huu, akalinusa, akaliinua juani.

— Ni kweli nyeupe, akasema. Lakini kwa nini?

— Si nilisema! Posho! akapiga kelele Makokha.

— Ni jogoo, akasema Pitshou. Miye nilisema tangu mwanzo. Tazama umbo, ni jogoo ya Docus kabisa.

— Kuku mwenyewe amesema ni wa mama yake, Lira! akadakia Makokha.

— Kuku hajasema kitu, aliyesema ni Akidi, akasema Ojok.

— Basi mama yake alitazama ukuta wa chokaa.

— Lira kuna chokaa wapi?

— Unaijua Lira wewe?

Wakawa wamesimama, wanaelekezeana vidole, yai likipita mkono kwa mkono kama kipaza sauti, na anayelishika ndiye mwenye zamu ya kupayuka. Damu ilinichemka, lakini nami, nakiri hapa hapa, nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema kwamba huenda rangi inatokana na maji.

Hapo akafika mtu tusiyemjua. Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limekunjamana la mtu aliyelala kwenye kiti cha wodi, chupa tupu ya chai mkononi. Alisema anaitwa Khaemba, ametoka Tororo, ana mgonjwa hospitalini, na ameelekezwa kwamba hapa pana kahawa nzuri. Séraphine aliinua birika. Kwa hasira zake alikuwa amelisahau juu ya sigiri na kahawa ilikuwa imekauka, imebaki harufu ya kuungua.

— Samahani, baba. Kahawa imekwisha bila kunywewa. Keti kidogo nikuchemshie nyingine.

Khaemba akaketi pembeni kabisa ya benchi, kwa adabu ya mgeni. Akawasikiliza Ojok na wenzake kidogo: posho, jogoo, chokaa, mnara. Akamwangalia kuku. Kisha akamwangalia Akidi, aliyekuwa bado amesimama palepale, mikono imeshikana mbele, kwapa lina manyoya, hajasema neno tangu yai lidondoke. Akamgusa Ojok kwenye mkono.

— Mzee, samahani. Huyu mama anasubiri nini?

Ojok akafungua kinywa. Nilimwona akitafuta jibu, kama anavyotafuta funguo mfukoni. Makokha akatazama pikipiki yake. Pitshou akashusha miguu chini polepole na kutazama viatu. Hata yule kuku alikuwa amemaliza kelele zake, na kwa mara ya kwanza tangu nilipojenga kibanda kile nilisikia magari yakiteremka barabarani kutoka hospitali.

Ojok aliliweka yai kwenye sahani. Akatoa simu, akaibonyeza kwa kidole kimoja, akaiweka sikioni.

— Mwenyekiti. Ni Ojok. Usije. Hapana, hakuna mwizi. Nimeona kuku inataga kwa macho yangu, yai ni yake. Mimi ndiyo nilikosea. Ndiyo. Waambie watu kwotani kwamba Ojok ndiye alikosea, sema jina langu.

Akakata. Akatutazama kama mtu aliyemaliza kazi, akataka kukaa. Lakini Akidi alikuwa bado hajaondoka.

— Umemwambia mwenyekiti, akasema. Mimi umeniambia nini?

Ojok akabaki nusu ameketi, nusu amesimama.

— Akidi, mwanangu, wahenga walisema—

— Wewe. Si wahenga.

Mzee akavua kofia. Nilikuwa sijawahi kuuona upara wake mchana.

— Okwir alikufa mimi nikiwa mkubwa wake, akasema. Nilibeba jeneza lake. Na leo nimetaka kutoa mke wake nyumbani kwa sababu ya yai. Nimekosa, Akidi. Nisamehe.

Akidi aliinamisha kichwa mara moja, taratibu, na sikujua kama ni ndiyo au ni kwamba amesikia tu. Machozi yalimtoka hapo, si kabla, akayafuta kwa kiganja bila kuficha. Kisha akafungua kamba, akamwinua kuku mmoja. Docus akamwinua yule mwenye kishungi kabla hajaambiwa. Wakaondoka hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakapotelea kwenye pembe ya ukuta.

Mayai ya Docus yalipatikana baadaye. Kuku wake walikuwa wamejifanyia kiota chini ya mabati chakavu nyuma ya choo, na yalikuwa yamelundikana pale mpaka yakaanza kuoza. Habari hiyo Docus alituletea kwa sauti ndogo sana, akimnong'oneza Séraphine, na Redio yetu, iliyotangaza wizi mpaka kwotani, haikuitangaza. Ni mimi niliyeamua kuisema kwa sauti, kibandani, kila mteja akija kupimwa nguo, mpaka nilipohakikisha imepita ukuta.

Kuhusu rangi, bado hawajakubaliana. Pitshou hajaachana na jogoo. Makokha ameongeza chumvi ya ziwani Katwe kwenye maelezo yake. Ojok akiulizwa husema tu, "Uliza mwenye kuku," na kunywa kahawa yake.

Akidi hakuacha kumuuzia Séraphine. Kila asubuhi kapu linafika, lina ya kahawia na meupe, makubwa na madogo, lakini analileta Docus. Mwenyewe, akiteremka kwenda sokoni, hupita upande wa pili wa barabara. Tunamwamkia kutoka kwenye benchi, Ojok wa kwanza, kofia mkononi. Anaitikia vizuri, kwa heshima zote. Hasimami.